Watoto, Miti na Ripoti: Historia Fupi kutoka Buguruni

Katika mwaka wa tatu wa utumishi wangu Buguruni niliandika ripoti ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Usharika ulikuwa umepata fedha kidogo kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, za kuwatoa watoto wa Shule ya Jumapili na wa kipaimara nje ya mji, wakaone msitu, wapande miti, wapumue hewa safi. Tulikodi daladala mbili tukawapeleka vilima vya Pugu mara nne kwa mwaka. Waliimba njia nzima. Walirudi na vumbi hadi kwenye kope. Mwisho wa mwaka wafadhili wakataka taarifa, nami nikaandika kwamba watoto 46 wamepata afya bora ya mwili, akili na roho kwa kukutana na uumbaji wa Mungu, na kwamba miche 120 imepandwa katika kiwanja cha kanisa na katika shule ya jirani.

Taarifa ilisomwa mbele ya baraza la wazee kabla ya kutumwa. Katika baraza alikuwamo mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyepima watoto kliniki kwa zaidi ya miaka thelathini. Alinyoosha mkono. "Baba Mchungaji, samahani. Hiyo afya bora tuliipima na nini?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, nikajibu kwamba furaha ya watoto ilionekana kwa macho. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza la pili: "Na yule binti aliyeharisha wiki nzima baada ya kunywa maji ya kijito kule, yumo humu ndani?"

Hakuwamo. Taarifa ilitumwa kama ilivyokuwa.

Insha hii ni jibu langu lililochelewa. Kwa kuwa sikuwa na kipimo cha kumwonyesha yule mama, nilianza kutafuta waliotutangulia walipima nini, maana sisi si wa kwanza katika mji huu kuamini kwamba mtoto akikutanishwa vizuri na miti, udongo na maji, afya yake itanufaika. Nilichokikuta kimenifundisha zaidi ya kozi nilizosoma chuoni kuhusu usimamizi wa miradi.

Kwanza ilinibidi nijiulize imekuwaje mtoto wa Buguruni akodishiwe gari ili aone mti. Wazee wa hapa wanakumbuka kwamba hata katika miaka ya 1950 Buguruni ilikuwa kama kijiji pembezoni mwa mji, nyumba za udongo chini ya minazi, na bondeni mashamba. Dar es Salaam ilijengwa na kijani ndani yake, ila kijani hicho kiligawiwa kwa mafungu yasiyo sawa. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1893, jirani na ilipo leo Makumbusho ya Taifa. Miaka michache baadaye, 1897 na 1898, mwanasayansi wao maarufu Robert Koch alikuwa hapa akichunguza malaria. Mapema katika karne ya 20 madaktari wa kikoloni walikuwa wameshafahamu kwamba watoto wenyeji hubeba vimelea vya malaria damuni hata wasipoonekana wagonjwa. Wengi wao hawakuhitimisha kwamba watoto hao watibiwe. Walihitimisha kwamba Mzungu akae mbali nao.

Ndipo ulipozaliwa Mnazi Mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda wazi wa nyasi na miti. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Leo tunapita pale tukaona watu wamepumzika kivulini, tunasahau kwamba eneo lile lilianza kama uzio. Naweza kusema, na msomaji anisahihishe akitaka, kwamba huo ndio mpango wa kwanza wa kijani na afya katika Dar es Salaam, na kipimo chake kilikuwa umbali kutoka kwa mtoto wa Kiafrika.

Kanisa letu lilikuwapo wakati huo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakafungua kituo Kisarawe, kwenye safu ileile ya vilima tunakowapeleka watoto wetu. Shule za misheni zilikuwa na mashamba, na watoto walilima. Walijifunza mengi, sikatai. Lakini mavuno ndiyo yaliyohesabiwa.

Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha Pugu hadi 1955, alitoa Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967. Shule iwe na shamba, mwanafunzi asitengwe na kazi ya wazazi wake, akili na mikono vifundishwe pamoja. Nikiisoma leo hoja ile bado inanigusa. Lakini mimi ni mtoto wa miaka ya 1980, nilikuta kilichobaki. Shambani kwetu tulilima mihogo ambayo hatukuila. Mchelewaji aling'oa kisiki. Mpiga kelele alifyeka majani hadi jua limchome kisogo. Nina hakika kizazi changu kizima kinajua harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa, na kwa wengi wetu ni harufu ya adhabu. Ofisi za elimu zilipokea taarifa za ekari na magunia. Kama kuna aliyewahi kuuliza mtoto anaondoka shambani akiwa na hisia gani juu ya udongo, taarifa yake haikufika shuleni kwetu.

Hata hivyo, katika enzi hiyohiyo kulikuwa na jambo moja ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 1973 nchi iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, vijijini na mijini, wakiwa na vitabu vidogo na kiongozi wa kikundi, wakajifunza juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kutenda: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka karibu na nyumba. Washiriki walifika kama milioni mbili. Waandaaji hawakutosheka na hesabu hiyo ya mahudhurio. Walichagua vijiji, wakakagua nyumba kabla ya kampeni na baada yake, wakatazama kama choo kipo na kama maji yamesimama uani. Ndivyo walivyoweza kusema kwa haki kwamba vyoo viliongezeka sana, na kwamba mambo mengine yalibadilika kwa kiasi kidogo kuliko walivyotumaini. Walifanya hivyo bila kompyuta, wakitembea na karatasi na kalamu. Mwaka 1980 ikafuata kampeni nyingine ya redio, "Misitu ni Mali", ya kuhimiza upandaji na utunzaji wa miti.

Mwaka huohuo wa 1980 zilianzishwa klabu za Malihai mashuleni, ili watoto wajue thamani ya wanyamapori. Na mwaka 1991, hapahapa Dar es Salaam, hayati Jane Goodall alikaa barazani nyumbani kwake na wanafunzi wachache wa sekondari waliokuwa na wasiwasi juu ya hali ya mazingira na jamii yao. Mazungumzo hayo yalizaa Roots & Shoots, ambayo sasa iko katika nchi nyingi duniani. Sisi Watanzania hatujivunii vya kutosha kwamba jambo lile lilianzia kwetu, tena kwa watoto wetu. Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana kama askofu wa miti, na huko upandaji umeingia katika mafundisho ya kipaimara chini ya mlima unaopoteza theluji yake.

Naziheshimu kazi hizi zote. Ila nilipotaka kuiga namna ya kupima afya ya mtoto, niliona kwamba kwa sehemu kubwa hazikuanzishwa kwa ajili hiyo. Zilikusudia kuokoa msitu na mnyama, na kujenga tabia ya mtoto. Ni haki yake mtu kupanda mti kwa ajili ya mti. Kosa lilikuwa langu, niliyechukua hesabu ya miche nikaiita afya.

Kisha nikagundua kwamba kipimo nilichokitafuta kilikuwa kimepita mlangoni petu.

Mwaka 2004 ulianzishwa Dar es Salaam mpango wa mji wa kudhibiti malaria, katika kata 15, tano kwa kila manispaa ya wakati ule. Wakazi wa mitaa yenyewe, wakilipwa posho ndogo, walitembea kiwanja kwa kiwanja kila wiki wakitafuta maji yaliyosimama: mifereji iliyoziba, mashimo ya ujenzi, mitaro kati ya matuta ya mchicha na viazi. Machi 2006 wakaanza kutia dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu katika kata tatu tu kwanza: Mikocheni ya Kinondoni, Kurasini ya Temeke, na Buguruni yetu ya Ilala. Dawa yenyewe ni bakteria wa asili anayepatikana udongoni, ambaye akiliwa na kiluwiluwi humuua, lakini hamdhuru mtoto wala kuku. Kata nyingine zilisubiri, na kusubiri kwao ndiko kulikowezesha kulinganisha. Watafiti walihesabu mbu usiku, wakaingia majumbani, wakapima damu za watu wakiwemo watoto wadogo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba watoto wadogo wa kata zilizotiwa dawa walikutwa na vimelea kwa kiwango cha chini kuliko wenzao.

Waumini wangu wa makamo wanawakumbuka wale vijana wenye pampu mgongoni. "Kumbe walikuwa wanatupima?" aliniuliza baba mmoja wa Buguruni Malapa, nusu akicheka. Naam, walikuwa wanatupima, na kwa mara moja Buguruni haikuwa mahali pa kuhurumiwa tu. Ilikuwa mahali ambapo dunia ilijifunza kitu.

Lakini tazama kile kilichofunzwa. Mpango ule haukumkutanisha mtoto na maumbile kwa maana tuliyokuwa nayo sisi wa daladala mbili. Uliingia katika maumbile yaleyale anayoishi nayo kila siku, yaani dimbwi, mfereji, tuta la mchicha, ukayafanya yasimuue. Sisi tulidhani maumbile yako Pugu. Mtoto wa Buguruni anayo tayari: ana Mto Msimbazi, ambao huanzia vilima hivyohivyo vya Pugu, ukapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, ukashuka kando yetu hadi Jangwani na kumwagika baharini kwenye daraja la Selander. Maji ambayo binti yule aliyanywa juu kwenye kijito, na yakamharisha, ndiyo hayohayo yanayoteremka kutupita sisi yakiwa yameongezewa taka za mji mzima. Tafiti zaidi ya moja zimekuta madini mazito katika udongo na mboga za bonde hilo. Desemba 2011 mto huo uliua watu wapatao 40 katika mafuriko, na familia nyingi za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Ukimwambia mama wa bondeni kwamba mtoto anahitaji kuwa karibu zaidi na mto kwa ajili ya afya, atakutazama mara mbili.

Mfano mwingine ulionisaidia unatoka Zanzibar, na huu naupenda kwa sababu haukuisha kwa ushindi. Unguja na Pemba watoto wamecheza na kuoga katika vijito na mabwawa tangu zamani, na humo huishi konokono anayebeba kichocho. Kwa karibu miaka mitano, kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, shehia 90 ziligawanywa katika makundi matatu. Wote walipewa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili likaongezewa uteketezaji wa konokono. Kundi la tatu likaongezewa elimu: walimu waliofunzwa, Siku za Kichocho mashuleni zenye michezo na maigizo, michezo salama ya kuchukua nafasi ya ile ya mtoni, vyoo vya kukojolea, na sehemu za kufulia mbali na kijito. Kazi ile ilitungwa pamoja na wanakijiji wenyewe na kwa kweli inavutia. Ningekuwa mimi nimeiandikia taarifa, ingejaa nyimbo za watoto.

Waliohusika walipima mkojo. Maambukizi yalishuka, lakini makundi yaliyoongezewa konokono au elimu hayakulizidi waziwazi lile lililopata dawa peke yake. Nao wakalichapisha hivyo hivyo, majina yao yakiwa juu. Mtu aliyetoa miaka mitano ya maisha yake kuandaa michezo ya watoto akasimama na kusema kwamba kwa kipimo cha mkojo, michezo haikuongeza kitu kinachoonekana. Huenda iliongeza jambo jingine ambalo mkojo hauonyeshi, na hoja hiyo ni halali, ila haiwezi kuingizwa baadaye kama njia ya kuokoa heshima. Nilisoma matokeo hayo usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu, nikamkumbuka yule mama muuguzi.

Wasomi wenzangu watasema kwamba ushahidi uko, ila uko mbali. Ni kweli. Katika mji wa Guangzhou nchini China, shule 12 ziligawanywa kwa kura, nusu zikawatoa watoto wa darasa la kwanza nje kwa dakika 40 za ziada kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati katika shule za kulinganisha ilikuwa asilimia 39.5. Ni tofauti kubwa kwa jambo la bure kama jua. Finland, mwaka 2020, watafiti walieleza jinsi walivyoleta udongo na mimea ya chini ya msitu katika viwanja vya vituo vya kulelea watoto, na baada ya siku 28 tu vijidudu vya kwenye ngozi za watoto vilikuwa vimeongezeka aina, na dalili za kinga ya mwili katika damu zao zimeelekea pazuri. Walikuwa watoto 75 tu. Ni mwanzo mzuri, si zaidi.

Nilipowasimulia vijana wa usharika habari ya Guangzhou walicheka. "Mchungaji, sisi hatujawahi kukosa jua." Walisema kweli. Mtoto wa Buguruni yuko nje mchana kutwa, kwa sababu ndani kuna chumba kimoja na watu sita. Anacheza kando ya reli, barabarani, makaburini. Hakosi udongo pia, na udongo wake una minyoo. Dawa ya mtoto wa China anayefungiwa darasani haiwezi kuhamishwa kwetu bila kwanza kuuliza sisi tunaumwa nini. Mtoto wetu anakosa mahali pa nje pasipomdhuru: penye kivuli, pasipo gari, pasipo majitaka, ambapo mama anaweza kumwita akasikia. Kama tukitaka kupima kitu, tungeanza na hapo.

Nimejiuliza kwa nini hili ni jambo la imani, hata liingie katika kitabu kama hiki, maana ndugu mmoja mchungaji aliniambia kwamba tathmini ni kazi ya wahasibu. Mimi naiweka chini ya Amri ya Nane. Katika Katekisimo Ndogo tunawafundisha watoto wa kipaimara kutomshuhudia jirani uongo, nasi tunaifikiria amri hiyo kama ya masengenyo na mahakama. Lakini taarifa ya mradi ni ushuhuda. Inamtaja jirani, inasema hali yake ilivyokuwa na ilivyo sasa, na inatumwa kwa mtu asiyeweza kuja kuona. Nilipoandika kwamba watoto 46 wamepata afya bora, nilimshuhudia yule binti uongo. Nilimfuta katika idadi ya wagonjwa nikamwingiza katika idadi ya waliopona.

Na sisi Walutheri tuna udhaifu wetu wa pekee katika mambo ya miti. Kila Jumapili ya mazingira lazima mhubiri asimulie jinsi Luther alivyosema kwamba angepanda mti wa tofaa hata kama dunia ingeisha kesho. Nimesimulia mara nyingi. Waliochunguza maandishi yake hawajalikuta neno hilo popote. Alama yake ya kwanza iliyojulikana ni ya Ujerumani, mwaka 1944, karibu miaka 400 baada ya kifo chake. Ni neno zuri, ila si lake. Tulilipenda mno kiasi cha kutouliza, na ndivyo nilivyoipenda miche yangu 120.

Basi mwaka jana nilimwendea yule mama nyumbani, nikamwomba anisaidie kurudi nyuma. Alinikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, umechelewa, lakini twende." Akaniita mwanangu, hakusema Baba Mchungaji, nami nikaelewa.

Tulianza na miti. Kati ya miche 120 tuliikuta hai 19. Kumi na mitatu ilikuwa upande mmoja wa ile shule ya jirani, ambako mlinzi aliimwagilia kwa hiari yake kila jioni, na hakuna ripoti yetu iliyowahi kumtaja. Kisha tukatafuta watoto. Wengine walikuwa wamehama Chanika, Mbagala, Bunju, mmoja amerudi Singida kwa bibi yake. Tuliwapata 31. Hatukuwa na uzito wao wa awali wala rekodi ya mahudhurio shuleni, kwa hiyo juu ya afya hatukuwa na la kusema, na tulikubaliana tusiseme. Mama aliwauliza swali moja tu la Pugu: unakumbuka nini? Karibu wote walitaja nyani na wimbo wa kwenye gari. Wanne walitaja ukimya. Binti aliyeharisha, sasa yuko kidato cha pili, alitaja kijito. "Yalikuwa maji ya baridi sana, bibi," alimwambia. Hakutaja ugonjwa hadi mama yake alipomkumbusha.

Baadaye tuliwaomba wachore, kila mmoja kwa kalamu yake, mahali wanapochezea au walipokuwa wakichezea baada ya shule. Nilitarajia kuona mto. Ulikuwapo katika michoro mitatu. Reli ilikuwa katika mingi, na uwanja wa msikiti wa jirani, ambao shehe wake huacha geti wazi mchana. Katika michoro kumi na mmoja kulikuwa na miembe miwili mikubwa iliyozungushiwa mistari minene. Nilimwuliza kijana mmoja hayo ni makaburi ya wapi. Akanitazama kwa mshangao. "Hapa kanisani, Mchungaji. Hiyo ni fensi. Tulikuwa tunakaa kwa nje, kivuli kinafika hadi barabarani saa kumi."

Geti la kanisa letu hufungwa siku za wiki, tangu zilipoibiwa spika. Mimi ndiye niliyesaini uamuzi huo. Tulikuwa tunakusanya fedha ng'ambo za kuwapeleka watoto kivulini Pugu, na kivuli chetu wenyewe tumekifungia kwa kufuli, wao wakinyemelea kile kinachodondokea nje. Sikuweza kutoufikiria uzio wa Mnazi Mmoja.

Tuliandika taarifa ya pili kwa wale marafiki, kurasa mbili. Ndani yake kuna miti 19, mlinzi wa shule, binti na kuhara kwake, watoto 31 tuliowapata na 15 ambao hatukuwapata, na sentensi inayofuta ile ya afya bora. Walijibu kwa upole. Hawajaleta fedha nyingine, na sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Geti sasa hufunguliwa saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, siku tano kwa wiki, na akina mama wawili wa umoja wa wanawake hukaa kwa zamu. Kuna ndoo ya maji safi yenye bomba. Safari hii mama muuguzi alianza na daftari kabla ya siku ya kwanza: majina, umri, uzito, siku ambazo mtoto hakwenda shule kwa ugonjwa, na mahali alipokuwa akicheza kabla. Anayaandika pia majina ya watoto wa mtaa wa jirani ambao hawaji kwetu, ili apate wa kulinganisha, na mama zao wamekubali. Ni miezi saba tu, naye amenikataza kutangaza lolote madhabahuni.

Mwezi uliopita mpira ulivunja dirisha la chumba cha maombi. Mzee mmoja ameandika barua akitaka geti lifungwe kama zamani, na anazo hoja za haki, kioo ni ghali na spika mpya zimo ndani. Barua yake iko katika ajenda ya baraza la Jumamosi, namba nne, baada ya matoleo ya mavuno.